Mikono na Vyuma Vizito

Katika miji ya migodi na ya reli si ajabu kupeana mkono na mzee ambaye vidole vyake havitimii vitano. Watu humwonea huruma, kisha husema: bahati mbaya. Sisi twaona neno hilo halitoshi, kwa maana ajali za namna hiyo zina historia yake.

Tutazame kwanza jinsi mambo yanavyotukia. Mafundi wawili au watatu wanainua kipande cha mashini, tuseme gurudumu la chuma au kifuniko cha injini. Mara nyingi ajali haiji wakati wa kuinua, huja wakati wa kushusha. Chuma kikikaribia mahali pake, mtu hupeleka mkono chini yake apate kukisogeza kidogo, au hutia kidole katika tundu la bolti ajue kama matundu yamelingana. Mwenziwe akiteleza, au mnyororo ukilegea, kidole kimekatwa kama kwa mkasi. Na pete je? Ikinaswa, huchuna ngozi yote ya kidole. Ndiyo sababu fundi mwenye akili hupanga matundu kwa mtaimbo, huweka magogo chini ya mzigo, na pete yake huiacha nyumbani (mkewe asikasirike).

Mkono una mifupa 27, pamoja na kano na mishipa iliyo myembamba kama uzi. Mwaka 1963, huko Shanghai, waganga wakiongozwa na Chen Zhongwei walimrudishia mfanyakazi wa kiwanda mkono uliokatika kabisa. Lakini mkono uliopondwa na uzito haushoneki kwa urahisi kama uliokatwa na kitu kikali.

Sasa, nani alipe? Katika Ulaya ya karne ya 19, aliyeumia alipaswa kuthibitisha mbele ya hakimu kwamba kosa ni la tajiri wake. Mtu asiye na mkono wala mshahara atapata wapi wakili? Ujerumani ilianza kugeuza jambo hilo kwa sheria ya 1884, Uingereza ikafuata 1897, Ufaransa 1898, na Ubelgiji tarehe 24 Desemba 1903. Sheria ya Ubelgiji ilikuwa kama mapatano: mfanyakazi hakuulizwa tena kosa ni la nani, lakini hakupata hasara yake yote, alipata nusu ya mshahara.

Na Kongo? Hapa ndipo moyo unapouma. Amri iliyoweka utaratibu wa malipo ya ajali kwa wafanyakazi Waafrika ilitolewa tarehe 1 Agosti 1949, miaka 46 baada ya ile ya Ubelgiji. Siku hiyo reli, bandari na migodi ya Katanga ilikwisha kujengwa zamani, kwa mikono ya nani twajua. Baada ya uhuru, amri ya tarehe 29 Juni 1961 iliweka INSS, ambayo siku hizi huitwa CNSS.

Sheria zikishakubali kulipa, hazina budi kupima. Katika orodha ya Uingereza kidole gumba huhesabiwa asilimia 30, cha shahada 14, cha kati 12, na cha mwisho 7. Kwamba gumba lizidi wenzake ni haki, maana bila gumba hata nyundo haishikiki. Lakini hesabu ya namna hiyo haijui kama mwenye kidole ni karani au fundi seremala, nasi twaiona fupi.

Kuhusu uzito wenyewe, dunia ilichelewa vilevile. Meli Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikatiwa katika masanduku 5,000 hivi mpaka Kigoma, ikashushwa katika Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Wakati ule hapakuwa na mapatano ya mataifa yaliyotaka uzito uandikwe juu ya mzigo. Mchukuzi aliupima kwa mgongo wake. Mwaka 1929, huko Geneva, mataifa yalipatana kwamba kila mzigo wa kilo 1,000 au zaidi uendao kwa meli uandikwe uzito wake kwa nje. Mzigo wa kubebwa na mtu mmoja ulingoja hata 1967, ndipo wakashauri usipite kilo 55 kwa mwanamume mzima.