Kaye, ngoma na sauti ya alto: waimbaji wa misa Bukavu

Baba yangu aliimba Kilatini tangu utotoni, kwenye misioni ya Mapadri Weupe huko Bushi, nchi ya Bashi inayozunguka Bukavu, na hadi uzeeni hakuweza kueleza maana ya mstari hata mmoja. Nilimuuliza siku moja kama hilo halikumsumbua. Akanijibu kwa Kiswahili chetu cha Bukavu: "Tulikuwa tunaimba bila kusikia maana, lakini noti hatukukosa." Alikuwa na haki ya kujivuna. Kyrie ya Kigregori haina pigo la kuegemea, inakwenda kwa pumzi tu, na watoto wa wachunga ng'ombe waliishika kwa sikio.

Mama hakuimba, alijibu kutoka kwenye benchi. Korali ya baba ilikuwa ya wanaume na wavulana, na amri ilitoka mbali. Tarehe 22 Novemba 1903 Papa Pio wa 10 aliandika kwamba mwimbaji wa korali anatimiza kazi ya kiliturujia, kwa hiyo wanawake wasiingizwe. Sauti za juu zitafutwe kwa wavulana. Hati hiyohiyo ilikataza piano, ngoma na matoazi kanisani. Papa alikuwa na ugomvi wake na muziki wa opera uliokuwa umejaa makanisa ya Italia. Lakini karatasi ile ilifika Kivu pamoja na masanduku ya wamisionari, na kwetu, ambako opera haikujulikana, ikawafungia mlango watu wengine kabisa: wapiga ngoma, wapiga nyuzi za lulanga, na wachungaji waliopuliza mulizi, ile filimbi ndefu ya Bashi. Mtafiti Mmarekani Alan Merriam alipokuja kurekodi muziki wa Bashi mnamo 1951 na 1952, mulizi ulimvutia hata akauandikia makala nzima. Misani haukuwa na kazi.

Sisi wanawake tuliingia kwa mlango wa uani. Siku ya Noeli ya 1955 Pio wa 12 aliruhusu wanawake waimbe pale ambapo wavulana hawatoshi, mradi wakae nje ya patakatifu. Nimesoma sentensi ile mara nyingi na kila mara nacheka, maana leo ukitoa wanawake kwenye korali yoyote ya mitaa yetu, Kadutu, Cimpunda au Bagira, utabaki na besi wachache na mtu mmoja wa kinanda.

Watu wanapenda kusema kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano ndio uliotuletea nyimbo zetu. Si kweli kabisa. Mtaguso ulikuta watu njiani. Mwaka 1952, hapahapa Bukavu, Padri Georges Defour alianzisha Xaveri, chama cha vijana kilichoenea baadaye katika nchi nyingine za Afrika, na vijana wale walizoea kupanda na kushuka vilima vyetu wakiimba kwa lugha wanayoisikia. Mwaka 1958, kule Kamina katika Katanga, Padri Guido Haazen, Mfransisko, alitoa Missa Luba na waimbaji wake: maneno ya Kilatini, mwendo wa Kongo. Mwaka uliofuata, huko Tanganyika, Padri Stephen Mbunga alitoa Misa Baba Yetu. Hati ya mtaguso juu ya liturujia, ile inayotaka muziki wa watu wa misioni upewe heshima, ni ya tarehe 4 Desemba 1963. Ngoma zilikuwa zimekwisha kuwambwa.

Kwa nini mjini tuliimba Kiswahili, si Mashi, lugha ya Bashi? Kwa sababu Bukavu haikuwa ya Bashi peke yao. Ilipoitwa bado Costermansville, Wazungu wakikaa Ibanda pembeni mwa ziwa na Waafrika wakipangwa Kadutu na Bagira, walikuja Barega, Bahavu, Bafuliiru, Babembe, na watu wa Maniema. Shirika moja la mtaani, yaani jumuiya ndogo ya waumini, lingehitaji vitabu vitano. Kiswahili kilimaliza mabishano, ingawa kile cha nyimbo si kile cha soko la Kadutu: kilikuja na mapadri waliofanya kazi pia Tabora na Bukoba, kimenyooka, kimepigwa pasi. Watoto wetu huimba sarufi safi saa kumi na mbili asubuhi, na saa nne wako uwanjani wanaongea vingine. Mashi kilibaki na nguvu parokia za nje ya mji, na kwetu kinaingia wakati wa matoleo, watu wanapopanda na mihogo na ndizi. Hapo hata wasio Bashi hucheza.

Mimi niliingia korali nikiwa msichana, enzi ya Mobutu. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa na vyama vya vijana vya kidini vikafungwa, Xaveri kikiwemo. Serikali ilitaka vijana wote wawe ndani ya vijana wa chama chake, MPR. Kaka zangu walikunja skafu zao za Xaveri, wakaja kuimba tenor. Korali haikuhesabika kama chama. Ilikuwa sehemu ya misa, na misa haikufungwa. Kwenye orodha tulijiandika kwa majina ya mababu, kwenye repetisyo, yaani mazoezi, tukaitana Maria na Yozefu kama zamani. Sijawahi kuona korali ikiwa na tenor wengi kama miaka ile.

Tarehe 30 Aprili 1988 Roma ilikubali misale ya majimbo ya Zaire, kazi iliyosukumwa sana na Kardinali Malula wa Kinshasa. Wahenga wakaitwa mwanzoni mwa misa, kuomba msamaha kukahamia baada ya mahubiri, na Utukufu ukaanza kuchezwa kuizunguka altare. Baba yangu, mzee wa Kilatini, alisimama wima na mikono mfukoni. Jumapili ya tatu au ya nne nilimwona bega moja linatikisika.

Repetisyo yenyewe haina utukufu. Metre, mwalimu wetu wa korali, anaandika ubaoni d, r, m, f, pamoja na nukta na mistari ya muda, suprano wanachukua sehemu yao upesi, na sisi alto tunarudishwa. "Ba mama, alto inashuka!" Kila mtu ananakili kwenye kaye yake, yaani daftari. Kuna mchango kila mwezi: wa vikwembe vya sikukuu, wa mgonjwa, wa kilio. Ukifiwa, korali inafika kwako kabla ya ndugu wa mbali. Umeme ukikatika, na hukatika ingawa bwawa la Ruzizi liko jirani, kinanda kinazimika katikati ya wimbo na ngoma inaendelea.

Nyimbo zetu nyingi za kilio zilichakazwa kwa matumizi. Askofu wetu Mkuu Munzihirwa aliuawa Nyawera, hapa mjini, tarehe 29 Oktoba 1996, na kaburi lake liko mbele ya katedrali ya Notre-Dame de la Paix. Kila mwaka tarehe hiyo tunaimba. Mrithi wake, Askofu Mkuu Kataliko, alifukuzwa na waasi wa RCD mwezi wa Februari 2000 kwa ajili ya barua yake ya Noeli ya 1999, akakaa Butembo, akarudi Septemba. Tulimpokea kwa nyimbo za Pasaka, ingawa haikuwa Pasaka. Tarehe 4 Oktoba akafa Roma, tukafungua kaye zilezile ukurasa mwingine. Na tarehe 3 Februari 2008, Jumapili asubuhi, ardhi ilipotetemeka, ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda, kanisa liliwaangukia waumini, na kaye zikafunguliwa tena.

Sasa vijana wanatoa nyimbo za Tanzania kwenye intaneti, noti zimepigwa chapa vizuri, jina la mtungaji liko juu. Nafurahi, na pia nanung'unika. Nyimbo zilizotungwa na walimu wa shule wa Walungu, Kabare na Kadutu haziko kwenye simu ya mtu. Ziko kwenye kaye zilizolowa mvua, bila jina wala mwaka, na vijana wanaziita "za zamani" kana kwamba ziliota zenyewe. Kwa hiyo ninaponakili, naandika chini jina la aliyetunga. Nisipomjua, naandika parokia nilikousikia wimbo na aliyenifundisha, na namwambia jirani yangu wa alto aandike hivyohivyo kabla hajageuza ukurasa.