Simba wa London na Faru wa Mkomazi

Msafiri atokaye Same kwenda Gonja kupitia Kisiwani huwa na Milima ya Upare mkono wa kulia na nyika ya Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi mkono wa kushoto. Kurejea kwa faru weusi katika nyika hiyo kuna historia iliyoanzia mbali sana na Upare.

Mwaka 1969 vijana wawili wa Australia, John Rendall na Anthony Bourke, walinunua mtoto wa simba katika duka la Harrods, London, wakamwita Christian. Walimlea katika duka la samani hadi nafasi ikawa finyu. Mtengenezaji wa filamu Bill Travers, aliyekuwa ameigiza nafasi ya George Adamson katika filamu ya “Born Free”, aliwaunganisha na Adamson mwenyewe. Mwaka 1970 Christian alisafirishwa hadi Kora, nchini Kenya, kuzoezwa maisha ya porini, na Travers akaipiga filamu safari hiyo. Bourke baadaye alijulikana kwao kwa biashara na maonyesho ya sanaa. Rendall akawa mdhamini wa mfuko wa hisani ulioanzishwa mwaka 1979 kuendeleza kazi ya Adamson.

Adamson aliuawa Kora Agosti 20, 1989. Mwaka huo huo msaidizi wake wa zamani, Tony Fitzjohn, alihamia Mkomazi kwa mwaliko wa Serikali ya Tanzania, akiungwa mkono na mfuko huo. Pori hilo la akiba, lililotangazwa mwaka 1951, lilikuwa hoi. Ujangili ulikuwa umewamaliza faru wote. Ilibidi kuchonga barabara, kufunga redio za mawasiliano na kujenga uzio wa umeme kabla ya faru wanne wa kwanza kuwasili kutoka Afrika Kusini mwaka 1997. Watatu walitoka Jamhuri ya Czech mwaka 2009, na mwaka 2012 watatu wengine wakatoka Uingereza, kama Christian alivyotoka huko miaka 42 kabla yao.

Mkomazi ilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2008, ikiwa na kilomita za mraba 3,245. Gharama haikuwa ndogo: wafugaji waliondolewa mwaka 1988, na baadhi yao walifikisha madai yao mahakamani. Wakulima wa vijiji vya mpakani nao bado hukesha wakilinda mashamba yao dhidi ya tembo. Kwa watoto wa vijiji hivyo ulianzishwa mpango wa Rafiki wa Faru, uliowachukua wanafunzi kwa basi kuingia hifadhini, ambako wengi wao walimwona faru kwa mara ya kwanza.