Colt Aliunda Bastola, Lakini Ngozi Ilikuwa ya Mafundi Wadogo

Ukitazama filamu yoyote ya makauboi, macho yanaenda kwa bastola. Jina Colt kila mtu analijua. Sasa jiulize: ile ala ya ngozi kiunoni ilishonwa na nani? Colt alikuwa na kiwanda kikubwa kule Hartford, mashine zikinguruma. Ala ilitoka kwa duka dogo, fundi mmoja ama watano, meza moja na dirisha la kuleta mwanga. Hao wasee ndio nataka tuongee juu yao, kwa sababu naona historia yao inamhusu kila kijana anayeshona mkoba, mshipi ama sandali hapa Kenya.

Tuanze 1847. Colt Walker ya mwaka huo ilikuwa na uzito wa kilo mbili hivi. Hio huwezi kutembea nayo kiunoni siku nzima. Ilibebwa mbele ya tandiko la farasi, mara nyingi mbili mbili, moja kila upande. Kwa hivyo aliyeshona ala ni yule yule aliyeshona matandiko. Ilikuwa kazi ya pembeni tu.

Halafu 1848 dhahabu ikapatikana California. Kufikia 1849 watu walikuwa wanamiminika huko kwa maelfu, na wengi wao kazi yao ilikuwa kuchimba kwa miguu, si kukaa juu ya farasi. Mwaka wa 1851 Colt akatoa bastola nyepesi ya kilo moja na kidogo. Ghafla silaha ikashuka kutoka kwa tandiko ikaja kiunoni. Mafundi wa matandiko wakaona nafasi. Wakachukua ngozi, wakaikunja ifuate umbo la bastola, nyembamba kama mtutu wenyewe, wakashona upande mmoja. Hakuna mkubwa aliyekaa ofisini akaamua hio staili. Mteja alisimama mlangoni na shida yake, fundi akaitatua.

Miaka ya 1870 ikaja na staili nyingine. Fundi anakata kipande kimoja kikubwa, sehemu ya nyuma inakunjwa, inatobolewa matundu mawili, kisha ala inapitishwa humo. Mshipi mpana uliojaa risasi unapita vizuri nyuma yake. Mji wa Cheyenne, Wyoming, ulianza 1867 reli ya Union Pacific ilipofika, na hapo Frank Meanea akajijengea jina kwa matandiko na ala. Tuseme ukweli pia: mji huo una jina la watu wa Cheyenne, ambao walinyang'anywa ardhi yao. Soko la hao mafundi lilikua juu ya hio damu. Ufundi wao tunaweza kuusoma bila kuipaka hadithi rangi nzuri.

Sasa vifaa. Hapa ndipo wengi wetu huwa na kisingizio: "Sina mashine." Fundi wa wakati huo alikuwa na kisu cha duara cha kukatia, msharasi wa kutoboa, kagurudumu ka kuweka alama za mishono, kifaa cha kulainisha kingo, nyundo, sindano mbili, uzi wa kitani na nta ya nyuki. Sindano mbili kwa uzi mmoja: zinapita tundu moja kutoka pande tofauti. Mshono mmoja ukikatika, upande wa pili bado unashikilia. Mshono wa kawaida wa mashine hauna hio bahati.

Na ngozi yenyewe haikuwa ngozi yoyote. Ilikuwa ile iliyosindikwa kwa maganda ya miti, unene wa kama milimita tatu. Ukiilowesha unaweza kuikandamiza juu ya bastola isiyo na risasi, na ikikauka inabaki na umbo hilo. Ile laini ya kusindikwa kwa kromu haishiki umbo hivyo. Unajua Kenya tuna historia kwa hili? Eldoret ilikuwa na kampuni ya EATEC, iliyokuwa ikikamua dawa ya kusindika ngozi kutoka maganda ya miwati.

Biashara nayo? Kwanza, muhuri. Fundi aligonga jina lake na mji wake kwenye ngozi. Ndio maana leo, zaidi ya miaka mia moja baadaye, mtu anaweza kuokota ala kuukuu na kusema hii ni ya Meanea. Pili, katalogi. Mteja wa mbali aliandika barua akitaja bastola yake na urefu wa mtutu, mzigo ukasafiri kwa reli. Tatu, kusikiza. Miaka ya 1920 kule El Paso, askari Tom Threepersons alitaka ala ya kuchomoa haraka. Duka la S. D. Myres likapunguza ngozi, likaacha sehemu ya kifyatuo wazi, likaiinamisha kidogo. Staili hio bado inashonwa leo.

Ushindani mkali pia ulikuwepo. Sears ilikuwa inauza ala za bei ya chini kwa katalogi yake. Baadaye plastiki ya kuumbwa kwa joto ikachukua sehemu kubwa ya soko. Hata hivyo mwishoni mwa miaka ya 1950 polisi mmoja wa California, John Bianchi, alianza kushonea wenzake nyumbani, na jina lake likawa kampuni kubwa.

Maoni yangu ni haya. Ukipita Kariokor utaona mikono yenye uwezo kabisa. Lakini bidhaa nyingi zinatoka pale bila jina. Mtu wa kati ananunua kwa bei ya kutupa, anabandika nembo yake, anauza mara tatu. Fundi anabaki kupigania shilingi hamsini na mwenzake wa kibanda jirani. Tukijaribu kushindana na mtumba na kiwanda kwa bei, tutapoteza kila siku. Kiwanda hakijui kiuno cha mteja wako. Wewe unaweza kukipima.

Kwa hivyo kabla ya kukopa ya mashine, enda kwa fundi wa vyuma akuchongee muhuri wa jina lako. Chukua vipimo, viandike kwa daftari, itisha nusu ya pesa kabla ya kukata ngozi. Na mteja akirudi kulalamika, usikasirike. Threepersons naye alikuwa na hitaji lake.