Mikarafuu Ilihesabiwa, Wavuvi Je?

Ijumaa ya tarehe 3 Mei 2024, baada ya swala ya alasiri, nilipigiwa simu na mpwa wangu anayevua Vanga, karibu na mpaka wetu na Tanzania.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

Hakuwa na muda wa salamu ndefu. "Mjomba, redioni wasema kimbunga chaja, jina lake Hidaya. Sasa hicho ni kimbunga gani? Ni hivi vya kupeperusha makuti kisha vikapita, ama ni kitu kingine? Niambie, kesho niende baharini au nisende?"

Nimefundisha Kiswahili chuo kikuu kwa zaidi ya miaka thelathini, na sijawahi kuulizwa swali zito la msamiati kama hilo. Mwanafunzi akikosea maana ya neno hupoteza alama mbili. Mpwa wangu angekosea maana ya 'kimbunga', angepoteza chombo, na pengine roho. Nilimwambia asende, avute chombo juu akifunge. Kisha nikabaki na simu mkononi nikijiuliza: hivi sisi watu wa pwani tuna kumbukumbu gani ya tufani?

Kumbukumbu ipo, msomaji mpenzi, ila ina tundu kubwa katikati yake.

Tarehe 15 Aprili 1872 kisiwa cha Unguja kilipigwa na tufani kali. Sultani Barghash bin Said alikuwa hajatimiza hata miaka miwili kitini. Takriban thuluthi mbili ya mikarafuu ya Unguja iling'olewa au kuvunjwa, na minazi ikaangamia vivyo hivyo. Bandarini, merikebu za Sultani na majahazi mengi yaliharibiwa. Pemba, iliyo kaskazini kidogo tu, ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo kitovu cha karafuu. Mwaka uliofuata, Juni 1873, Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Hayo yote yameandikwa. Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu watumwa, viungo na pembe za ndovu, ameonyesha jinsi karafuu zilivyoushika uchumi wa Zanzibar. Hata hasara ya Sultani ina mwisho wake unaojulikana: baada ya kupoteza merikebu zake aliagiza nyingine Uskoti, HHS Glasgow, iliyoshushwa majini mwaka 1878. Meli hiyo nayo ilizamishwa na Waingereza mwaka 1896, katika vita vile vinavyosemekana kudumu dakika 38.

Sasa hebu tuulize. Ngalawa ngapi zilivunjika siku ile? Mitumbwi mingapi? Madema mangapi yalisombwa? Nani alimjengea mvuvi wa Kizimkazi au Nungwi chombo kipya? Katika simulizi zinazojulikana sana za tufani ile, mvuvi hatajwi. Si kwamba hakuumia. Waliokuwa na kalamu walikuwa mabalozi na wafanyabiashara, nao waliandika kilichowahusu: karafuu, meli, ushuru na madeni. Ngalawa haikulipiwa ushuru wa kutajika, kwa hiyo haikuwa na ukurasa wake daftarini.

Kazi ya mwanahistoria ni kuuliza kimya hicho kilificha nini. Tukijua jinsi tufani inavyofanya kazi, na tukijua uvuvi wa pwani ulivyokuwa, tunaweza kuijaza sehemu ya tundu hilo bila ya kubuni.

Mosi, msimu wenyewe. Aprili ni wakati ambapo kaskazi imechoka na kusi haijakaa sawasawa. Wazee huuita tanga mbili, kwa kuwa upepo hauna msimamo. Kwa majahazi ya Arabuni na Bara Hindi, ndio wakati wa kukaa bandarini kusubiri kusi liwarudishe kwao. Kwa mvuvi mwenye chombo kidogo, ni siku za mwisho za kuvuna kabla kusi halijachafua bahari na kupunguza siku za kutoka. Kwa maneno mengine, tufani ya Aprili humkuta mvuvi akiwa hana akiba ya msimu mwingine mbele yake. Akipoteza chombo Aprili, kusi lote humpita ufuoni.

Pili, vifaa. Ngalawa huchongwa aghalabu kutokana na gogo zima la mwembe, na gogo halipatikani kila siku. Kamba za vyombo zilisokotwa kwa makumbi ya nazi, na paa la nyumba ya mvuvi lilikuwa makuti. Kwa hiyo tunaposoma kwamba minazi iliangamia, tusidhani ni hasara ya mwenye shamba peke yake. Mnazi ulipoanguka, mvuvi alipoteza kamba, paa, na tui la kupikia samaki wake.

Tatu, na hapa ndipo wengi wetu hatufiki, ni bahari yenyewe. Tufani haivunji tu vilivyo juu ya maji. Mawimbi makubwa huvunja matumbawe na kung'oa nyasi za baharini ambamo samaki wachanga hulelewa. Mikoko hupasuliwa au huzikwa mizizi kwa mchanga. Kisha huja mvua, na mito humwaga maji matamu na matope hadi kwenye hori na ghuba. Mwaka 1972, miaka mia moja kamili baada ya tufani ya Unguja, dhoruba iliyoitwa Agnes ilimwaga mvua nyingi mno mashariki mwa Marekani. Maji ya Ghuba ya Chesapeake yakapungua chumvi, na chaza wakafa kwa wingi pale pale walipokaa, kwa sababu chaza hana miguu ya kukimbia. Upepo ulikuwa umekwisha zamani, anga jeupe, lakini wavuvi wa chaza walikuwa hawana cha kuvua.

Samaki mwenye mapezi ana hekima yake. Mwaka 2001, watafiti waliokuwa wakifuatilia papa wachanga katika Ghuba ya Terra Ceia, Florida, waliona kwamba papa hao waliondoka ghubani na kuelekea kwenye maji ya kina kabla ya dhoruba kufika, wakati kanieneo ya hewa ilipoanza kushuka. Dhoruba ilipopita, walirudi. Ndiyo kusema papa alipata taarifa mapema kuliko watu wengi! Kwa mvuvi wa nyavu maana yake ni hii: siku za kabla na za baada ya tufani, samaki hawako pale alipowazoea, hata kama chombo chake ni kizima.

Ukubwa wa jambo hili tunauona pale ambapo mtu alikumbuka kuhesabu. Tarehe 12 Novemba 1970 kimbunga cha Bhola kiliipiga pwani ya nchi ambayo leo ni Bangladesh. Watu wasiopungua laki tatu walikufa. Inakadiriwa kwamba kati ya wavuvi 77,000 wa eneo lile, 46,000 waliangamia, na takriban asilimia 65 ya uwezo wa uvuvi wa pwani hiyo ukapotea. Hilo ni eneo ambalo karibu asilimia 80 ya protini waliyokula watu ilitokana na samaki. Takwimu hizo zinatufundisha kwamba hasara ya mvuvi haiishii kwa mvuvi. Huingia katika kila sufuria. Unguja ya 1872 haikuwa Bhola, lakini nayo ilikuwa kisiwa kinachokula samaki.

Sasa turudi kwa swali la mpwa wangu, kwa maana ni swali la lugha.

Jambo moja hili lina majina mengi duniani. Watu wa Atlantiki huliita 'hurricane', neno lililotokana na Wataino, wenyeji wa visiwa vya Karibi. Katika Bahari ya Hindi wataalamu hutumia 'cyclone', neno lililobuniwa na Henry Piddington, Mwingereza aliyeishi Calcutta katika karne ya 19. Sisi Waswahili tuna 'tufani', neno tunalochangia na Waarabu, Waajemi na Wahindi. Kwa Kiarabu ndilo linalotumiwa kwa gharika ya Nabii Nuhu, kwa hiyo ndani yake mna upepo na maji pamoja. Samuel Mushi alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969 aliiita Tufani, na hakukosea.

Lakini redio zetu husema 'kimbunga'. Neno hilo ni sahihi, kamusi zinakubali. Tatizo ni kwamba kwa mtu wa kawaida kimbunga kinaweza kuwa upepo wowote unaozunguka kwa nguvu, jamaa na chamchela na kisulisuli, ambao hupita kwa dakika chache. Na hatuna uzoefu wa karibu wa kulirekebisha neno hilo. Tufani huhitaji msukumo wa mzunguko wa dunia ili izunguke, na karibu na ikweta msukumo huo ni hafifu mno. Mombasa iko digrii 4 tu kusini mwa ikweta. Unguja iko digrii 6, Mafia karibu 8, Lindi 10, na Lindi ilipigwa Aprili 1952. Kadiri unavyoshuka kusini ndivyo hatari inavyoongezeka. Machi 2019 Idai aliangamiza Beira, Msumbiji, na mwezi uliofuata Kenneth akapita Ngazija hadi Cabo Delgado. Sisi wa Kenya tumekuwa watazamaji. Ndiyo maana mvuvi wa Vanga anauliza ni kimbunga gani, na eti 'Hidaya', neno ambalo kwake lina maana ya zawadi!

Tahadhari ya bahari inafaa isemwe kwa lugha ya bahari. Mvuvi hajui kilomita kwa saa. Anajua kusi, kaskazi, matlai na umande. Anajua bamvua na maji mafu, na anajua kwamba maji yakijaa kwa tufani wakati wa bamvua, kijiji kinaweza kuingia baharini. Hupima kina kwa pima. Husoma saa kwa Kiswahili, na saa nane ya usiku kwake si saa nane ya asubuhi ya Kizungu. Mtangazaji aseme: tufani, upepo mkali na maji pamoja, yatoka upande huu, yatafika maji yakiwa hivi, itadumu usiku kucha wala si dakika kumi. Hapo mvuvi ataamua bila ya kumpigia simu profesa.

Mwisho wa kisa? Tarehe 4 Mei Hidaya alifika kisiwa cha Mafia akiwa amepungua nguvu. Serikali ya Kenya nayo ilikuwa imesimamisha uvuvi na shughuli za ufuoni kwa muda. Vanga walipata upepo na mvua na bahari iliyochafuka, wakasalimika. Siku chache baadaye mpwa wangu alipiga simu tena.

"Mjomba, mlitulaza njaa."

Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu alikuwa na haki. Kufunga bahari ni uamuzi wa kuokoa maisha, nami ningemshauri vivyo hivyo tena. Lakini siku alizokaa bila kuvua ni hasara, na hasara hiyo haikuingia katika daftari lolote nililoliona. Tumerudi palepale pa 1872.

Dawa yake si ngumu. Tangu kanuni za mwaka 2007, fuo zetu zina vikundi vya BMU vinavyopaswa kuwa na orodha ya wavuvi na vyombo. Orodha hizo ziandikwe vizuri, zitunzwe, na kila tahadhari inapotolewa ziongezwe ukurasa mmoja: nani hakutoka, siku ngapi, nani alipoteza nini. Anayegawa msaada atakuwa na pa kuanzia. Na mwanahistoria wa mwaka 2172, akitaka kujua tufani za karne hii ziliwafanya nini watu wa pwani, hatakuta karafuu na meli za wakubwa peke yake.

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mafia, Lindi na Beira wameshanyolewa. Nilimwambia mpwa wangu akaanze na daftari la ufuo wake. Akaniuliza, "Niandike kwa lugha gani, mjomba?"

Nikamwambia: "Kwa hii hii unayonipigia simu."