Nani Aliuwasha Udugu wa Chuoni?

Udugu wa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya una simulizi mbili za asili yake, na Oldonyiro utazisikia zote. Ya kwanza inadai uliletwa kwa ndege kutoka Marekani, pamoja na suti na shahada. Ya pili inadai haukuletwa na mtu: ni rika la morani lililovaa suruali likaenda Nairobi. Oldonyiro iko ukingoni mwa Isiolo, upande wa magharibi, ambako Wasamburu na Waturkana hukutana kwenye soko la mifugo. Kijana wa Kisamburu wa hapa anaweza kufika chuoni akiwa na rika lake tayari, kabla hajapewa namba ya usajili. Nilianzia hapa nikizishuku simulizi zote mbili. Ipi itasimama ikikaguliwa?

Nilitangulia na ile ya ndege kwa sababu ina tarehe. Tarehe 5 Desemba 1776, wanafunzi wa Chuo cha William and Mary, Virginia, walianzisha Phi Beta Kappa: herufi tatu za Kigiriki, kaulimbiu, salamu ya mkono na siri. Siri yenyewe iliachwa mwaka 1831, lakini mtindo ulikwishaenea. Waliofungiwa mlango walijijengea nyumba zao. Wanawake wa chuo kimoja cha Indiana waliunda Kappa Alpha Theta mwaka 1870. Wanafunzi weusi waliunda Alpha Phi Alpha katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1906, na wanawake weusi wakaunda Alpha Kappa Alpha katika Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1908. Kwame Nkrumah, aliyesoma Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, alikuwa mwanachama wa Phi Beta Sigma. Kwa hiyo Mwafrika aliweza kuingia. Je, Wakenya nao waliingia, na wakarudi na nini?

Ndege ya kwanza ya wanafunzi wa Kenya iliruka Septemba 1959 ikiwa na abiria 81. Mamia wakafuata hadi mwaka 1963. Hapa ndipo njia ilipoanza kunipotea. Orodha za wasafiri hukupa jina, chuo na fani. Hazikupi marafiki wa mtu wala viapo vyake. Wangari Maathai aliondoka mwaka 1960 akaenda chuo cha wanawake kilichoendeshwa na watawa wa Kibenedikto huko Kansas, mbali na nyumba za herufi za Kigiriki. Wengine huenda walizizoea nyumba hizo. Lakini kujiunga ugenini ni jambo moja, na kufungua tawi nyumbani ni jambo jingine, kwa maana tawi huhitaji chuo cha kulipokea. Waliporudi, chuo walichokikuta kilikuwa cha namna gani?

Kilikuwa cha Kiingereza. Chuo cha Ufundi cha Kifalme cha Nairobi kilipokea wanafunzi mwaka 1956, na kufikia 1961 kilikuwa kimefungamanishwa na Chuo Kikuu cha London. Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ilikwisha kufuata njia hiyo mwaka 1949. Katika mfumo huo mwanafunzi hajiungi na nyumba ya siri. Anapangiwa bweni, na bweni ndilo linalomlea. Makerere ilikuza jambo hilo hadi likawa mila. Wanawake walipoingia mwaka 1945, kaulimbiu iliyowataka wanachuo wote wawe wanaume ilibidi ibadilishwe. Baadaye Bweni la Mary Stuart la wanawake liliunganishwa na Bweni la Lumumba la wanaume katika udugu mmoja, Lumbox, wenye nyimbo, wazee wake na sanamu yake, Gongom. Hakuna herufi ya Kigiriki hapo, ila udugu na udada upo. Basi je, Uingereza ndiyo iliyozima vyama vya siri Afrika Mashariki?

Nusura nikubali, mpaka nikakumbuka Ibadan. Chuo hicho cha Nigeria kilianza mwaka 1948 chini ya London hiyohiyo. Mwaka 1952 wanafunzi saba wakaunda humo udugu wa mtindo wa maharamia wa baharini, na wengine wakaiga. Hivyo London peke yake haielezi lolote. Wapo wanaojibu kwamba sisi hatukuhitaji vyama hivyo kwa sababu tulikuwa na marika. Jibu hilo nalo halinitoshi. Waigbo wa Nigeria wana marika yao ya umri, na hayakuzuia kitu. Kama marika hayazuii wala hayaleti, yana uzito gani katika habari hii?

Ilinibidi nilitazame rika lenyewe. Kwa Wasamburu mtu huingia rika kwa tohara, na marika hufuatana kwa kupishana miaka kumi na kitu: Lkishili 1960, Lkurroro 1976, Lmooli 1990, Lkishami 2005. Morani hanywi maziwa peke yake. Hutafuta mwenzake wa rika. Hali nyama iliyoonwa na mwanamke aliyeolewa. Hupitishwa katika sherehe za lmugit, hatua kwa hatua, mpaka siku atakaporuhusiwa kuoa na kuwa mzee. Jina la pamoja, mlo wa pamoja, maumivu ya pamoja: ukitazama hayo tu, bweni na manyatta ni ndugu. Mbona basi bado sikushawishika?

Kwa sababu ya moto. Rika jipya huwashiwa moto na wazee wa rika lililo hatua mbili juu yake. Wazee hao, lpiroi, huwa walezi wa morani wale. Lkishili waliwashiwa na rika la Lmekuri, kisha wao wakawawashia Lmooli. Lpiroi hubariki, huonya, na laana yao huogopwa. Kitabu cha Paul Spencer kuhusu Wasamburu, cha mwaka 1965, kinaujenga mfumo mzima juu ya mamlaka hayo ya wazee. Ni kweli Spencer alikaa na Wasamburu katika miaka ya mwisho ya ukoloni, na nisingekichukua kitabu chake kama picha ya leo. Lakini kuhusu lpiroi, Wasamburu wenyewe hawampingi. Udugu wa morani haujawahi kuachwa ujitawale. Wa chuoni je, uliwashiwa moto na nani?

Swali hilo lilinirudisha Nairobi. Chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, SONU, kilianza mwaka 1982, kikazimika baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti mwaka uleule. Kilifufuka baadaye, kikapigwa marufuku tena mwaka 1987, na kikarudi mwaka 1992. Katika pengo hilo la 1987 hadi 1992, makomredi, yaani wanafunzi, walikusanyika katika vyama vya wilaya: wa nyumbani kwa wa nyumbani, kuchangiana nauli, kusindikiza maiti, kuwapokea wa mwaka wa kwanza. Huo ndio udugu ambao wengi wa kizazi kile waliuishi. Haukutoka Virginia wala manyatta, ulizaliwa na pengo. Sasa mwanafunzi wa Oldonyiro alikuwa wa chama gani?

Kwa ramani ni wa Isiolo, pamoja na Waborana, Wasomali, Wameru na Waturkana. Kwa rika ni wa Samburu na Laikipia, ng'ambo ya mpaka. Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, ramani ilizidi kupata nguvu. Na dada yake? Wanawake wa Kisamburu hawana marika ya tohara yanayofanana na ya wanaume, kwa hiyo simulizi ya rika haimgusi kabisa. Udada wake huenda ulianzia bweni la shule ya sekondari. Kwa nini simulizi zote mbili zinamsahau?

Ninachokitafuta sasa ni daftari za mikutano za vyama vya wilaya, kati ya 1987 na 1992. Kila chama cha aina hiyo huwa na mtu anayeitwa mlezi, na namna anavyopatikana inaweza kuamua kesi hii yote. Lpiroi hawachaguliwi na morani, wala hawawezi kujiuzulu. Mlezi wa chama aliteuliwa na nani, na alipokosea, nani alikuwa na haki ya kumkemea?