Manamba wa Jana, Vijana wa Leo: Tafakari juu ya Kazi Zinazozaliwa na Kazi Zinazokufa



Tusomapo mfano wa wafanyakazi katika shamba la mizabibu, katika sura ya 20 ya Injili ya Mathayo, aghalabu tunastaajabia ukarimu wa mwenye shamba aliyewalipa wa mwisho sawa na wa kwanza. Juma hili nawaalika tuwatazame wale waliokutwa sokoni saa kumi na moja, jua likielekea kuzama. Walipoulizwa sababu ya kusimama kutwa bila kazi, hawakusema kwamba walichoka wala kwamba hawakutaka. Walisema hakuna mtu aliyewaajiri. Mikono yao ilikuwa mizima. Kilichokosekana ni mtu wa kuihitaji.

Nchi yetu nayo imewahi kuwa na soko la namna hiyo, na historia yake inafaa kukumbukwa wakati huu ambapo wazazi wengi wanajiuliza watoto wao watafanya kazi gani.

Mwaka 1891 Baba Mtakatifu Leo XIII alitoa waraka wa Rerum Novarum, akitetea heshima ya mfanyakazi mbele ya viwanda vilivyokuwa vikiibadili Ulaya. Miaka miwili baadaye, mwaka 1893, Mjerumani Dkt. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache yalienea mashamba ya Tanga, Korogwe, Muheza, Morogoro, Kilosa na Lindi. Kufikia mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000 za singa, ikaongoza duniani.

Utajiri huo ulihitaji watu, nao wakazi wa jirani hawakutosha. Ndipo wakaja watu wa Songea, Njombe na Kigoma, wa Ruanda-Urundi na wa Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuandikisha wafanyakazi, kilichojulikana kwa jina la SILABU. Aliyeandikishwa alipewa namba, na kutokana na namba hizo watu hao wakaitwa manamba. Alipewa pia kipande, yaani kadi yenye nafasi 30 za siku za kazi, na mshahara wake ulitoka kadi ilipojaa.

Tuitazame kazi yenyewe. Mkataji aliondoka alfajiri, akakata majani, akaondoa miiba ya ncha, akafunga matita ya majani 30, akayapanga kandokando ya njia ili yabebwe hadi kwenye korona. Huko wengine walilisha mashine, wengine walianika singa, wengine walizipiga brashi na kuzifunga marobota. Kila mmoja alikuwa hodari katika tendo lake, na mara nyingi aliachwa na tendo hilo hilo kwa miaka mingi. Hakuna aliyeona haja ya kumfundisha mkataji kusoma hesabu za shamba, au mlisha korona kuitengeneza inapoharibika. Anayehesabiwa kama namba hafundishwi, kwa kuwa namba ikiondoka huandikwa nyingine.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Wabenediktini walifika Peramiho, katika nchi ile ile ya Songea, mwaka 1898, wakajenga karakana kando ya kanisa na shule. Humo walitoka maseremala, waashi, wahunzi na wachapaji. Sisemi haya ili kuusifu umisionari, ambao nao ulikuwa na mapungufu yake. Nasema kwa sababu eneo moja lilitoa vijana wa namna mbili: aliyetoka na ufundi alioweza kuuchukua popote, na aliyetoka na namba iliyokuwa na maana ndani ya mipaka ya shamba tu.

Tofauti hiyo ilionekana mambo yalipogeuka. Mwaka 1954 mwanakemia Mwitalia Giulio Natta alifanikiwa kutengeneza polipropilini, plastiki itokanayo na mafuta ya petroli, na miaka mitatu baadaye ikaanza kutengenezwa viwandani. Plastiki hiyo iliweza kusokotwa kuwa kamba kwa gharama ndogo. Wakulima wa Ulaya na Marekani, waliokuwa wakifungia majani makavu ya mifugo kwa kamba za mkonge, walipata kamba nyingine. Brazil nayo ilikuwa imeongeza mkonge wake. Kuanzia mwaka 1964 bei ilishuka vibaya. Mwaka 1967 serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba, lakini wataalamu wa kuyaendesha walikuwa wachache mno, na upandaji mpya ukazorota. Mwaka 1980 uzalishaji haukufika tani 90,000, na mwishoni mwa miaka ya 1990 haukuzidi tani 30,000.

Zingatieni miaka hiyo, ndugu zangu. Kati ya ugunduzi wa mwaka 1954 na anguko la bei ilipita miaka 10. Dalili zilikuwapo, na muda ulikuwapo. Mtu wa miaka 25 aliyekata mkonge mwaka 1954 angeweza kuwa fundi mitambo, fundi umeme au mwalimu kabla hajafika miaka 35. Lakini nani angemfundisha? Soko la saa kumi na moja lilianza kutayarishwa asubuhi, siku alipopewa namba asipewe ufundi.

Mkonge wenyewe unatufundisha jambo. Hukatwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu hivi tangu kupandwa, huendelea kukatwa miaka kadhaa, kisha hutoa mlingoti, huchanua na kufa. Mkulima anayengoja mlingoti usimame ndipo apande miche mipya, huyo atakaa miaka mitatu bila mavuno. Ujuzi ni vivyo hivyo: hupandwa wakati kazi ya zamani ingali inalipa.

Leo kazi mpya zinazaliwa mbele ya macho yetu. Wakala wa fedha za simu hakuwapo kabla ya mwaka 2007, M-Pesa ilipoanza nchini Kenya; sasa yupo kila mtaa. Na kuna kazi zisizoonekana. Mwaka 2023 ulimwengu ulisoma habari za vijana wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa ili kusoma maandiko ya kikatili na machafu na kuyapanga kwa makundi, ili kompyuta zijifunze kuyatambua. Kazi ilikuwa ya kisasa kabisa, lakini muundo wake mzee wa Tanga angeutambua mara moja: tendo moja linalorudiwa, malipo kidogo, na mashine inayojifunza zaidi ya mtu anayeifundisha.

Ndiyo maana Baba Mtakatifu Leo XIV, aliyechaguliwa Mei 2025, aliwaeleza Makardinali kwamba alichukua jina hilo akimkumbuka Leo XIII, kwa kuwa akili bandia inaleta maswali mapya juu ya heshima ya mtu, haki na kazi. Naye Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wa Laborem Exercens wa mwaka 1981, alikwisha kufundisha kwamba thamani ya kazi hupimwa kwanza kwa mtu anayeifanya, kabla ya kupimwa kwa kitu kinachotengenezwa.

Kutokana na mafundisho hayo, napendekeza swali moja la kulipeleka katika Jumuiya Ndogo Ndogo juma hili: kazi hii ikifa kesho, itamwachia nini aliyeifanya? Mzazi ajiulize hivyo kabla ya kumtafutia mtoto nafasi, asitazame mshahara wa mwezi wa kwanza peke yake. Kijana ajiulize hivyo akiwa kazini, na jioni atenge saa ya kujifunza lile ambalo mwajiri hakumwajiria. Mwajiri Mkristo naye ajiulize, hata kama ameajiri msaidizi wa dukani tu: je, binti huyu akiondoka kwangu atakuwa anajua kutunza hesabu, au atakuwa anajua kufagia duka langu tu?

Mwenye shamba wa Injili alitoka tena na tena: alfajiri, saa tatu, saa sita, saa tisa, na saa kumi na moja. Hakuchoka kurudi sokoni, kwa sababu aliwaona watu pale ambapo wengine waliona mikono isiyo na kazi. Kanisa lisilorudi sokoni mchana haliwezi kujitetea jioni kwa kutoa sadaka kwa wasio na kazi.

Nawatakieni juma jema lenye baraka. Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.