Mpigaji kama Mlinzi wa Mlango: Historia ya Nocturnal ya Benjamin Britten kwa Gitaa Moja

Makala haya yanachunguza jinsi utunzi mmoja wa gitaa, Nocturnal after John Dowland (opusi 70) wa Mwingereza Benjamin Britten, ulivyopata kuwapo mwaka 1963. Hoja kuu ni kwamba, katika karne ya 20, hatima ya muziki wa gitaa ilikuwa mikononi mwa wapigaji kuliko watunzi au vyuo.

Mfano wa awali unaonyesha gharama ya hali hiyo. Mwaka 1933 Mswisi Frank Martin alimwandikia Andrés Segovia vipande vinne vifupi, Quatre pièces brèves. Segovia, ambaye sifa zake zilikuwa zimeenea duniani, hakuvipiga. Martin akavihamishia kwenye piano na okestra. Ni kweli kwamba Segovia aliwachochea watunzi wengi kuliandikia gitaa, lakini ladha yake ilikuwa pia kizuizi.

Julian Bream (1933–2020) alifungua mlango mwingine. Alisoma Royal College of Music, London, wakati ambapo gitaa halikufundishwa humo. Alipiga pia luti, ala ya ukoo mmoja na udi, akimsindikiza mwimbaji Peter Pears, mwenzi wa Britten, katika nyimbo za Dowland. Mwaka 1957 Britten aliwatungia wawili hao Songs from the Chinese. Kwa hiyo alipoanza Nocturnal alikuwa amekwisha kusikiliza vidole vya Bream kwa miaka kadhaa. Bream aliupiga kwa mara ya kwanza tarehe 12 Juni 1964, katika tamasha la Aldeburgh.

Muundo wake unastahili kuangaliwa kwa makini. Kwa desturi, mtunzi hutanguliza wimbo, kisha huugeuza kwa namna mbalimbali. Britten alipindua utaratibu huo. Sehemu nane hutangulia, nyingi zikiwa na wasiwasi wa mtu aliyekosa usingizi. Ya nane, pasakalia, hurudiarudia mshuko uleule wa sauti mpaka ukawa mzigo. Ndipo unapofika wimbo wenyewe wa Dowland, unaouita usingizi, nao hufifia taratibu. Msikilizaji husikia minong'ono ya habari kabla ya habari yenyewe.

Wimbo huo ulimfikia Britten kwa sababu ulichapishwa mwaka 1597 pamoja na alama za luti. Hili mara nyingi hupitwa haraka na wanaosifu ubunifu wake: bila chapa hiyo, kungekuwa na nini cha kugeuza?

Baada ya Britten, William Walton, Hans Werner Henze na Toru Takemitsu nao walimwandikia Bream. Na katika miaka ya 1960, alipoirekodi Nocturnal kwenye santuri ya 20th Century Guitar, aliweka kando yake vile vipande vinne vya Martin.